UZI: Jinsi Chipotle ilivyofufuka, na kwa nini naanza na mfanyakazi aliyetapika akiwa zamu

#1 Sufuria Kubwa

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa, na mingi kati ya miaka hiyo nimeimalizia jikoni kwenye migahawa ya matawi mengi. Nilianza kuosha vyombo, nikapandishwa kukata mboga, mwisho nikawa msimamizi wa zamu. Ndugu wa nyumbani wakiniuliza biashara ya chakula huku inaendeshwaje, wanataka habari za mabosi. Na bosi anayetajwa sana ni Brian Niccol, aliyeikamata Chipotle Machi 2018 ikiwa taabani na kuiacha Agosti 2024 ikiwa miongoni mwa kampuni za migahawa zenye thamani kubwa Marekani.

Habari yake nitaieleza. Ila kwangu mimi haianzi na Niccol. Inaanza Boston, Desemba 2015, kwa mfanyakazi mmoja aliyetapika akiwa zamu.

Kwa wasioijua Chipotle: aliianzisha Steve Ells mwaka 1993 mjini Denver, kwenye chumba kilichokuwa duka la aiskrimu, kwa mtaji wa dola 85,000 aliokopeshwa na baba yake. Ells ni mpishi aliyesomea kazi. Lengo lake lilikuwa apate hela za kufungulia mgahawa wa kifahari, lakini hiki kidogo kikakua kikamshinda kukiacha. Unaingia, unatembea sambamba na kaunta, unaonyesha kwa kidole: wali, maharage, nyama ya kuchoma, kachumbari, parachichi lililopondwa. Wanakuwekea kwenye bakuli au wanakufungia ndani ya mkate mwembamba wa ngano. Bei inazidi baga kidogo, lakini haifiki ya mgahawa wa kukaa na kuhudumiwa. Chakula kinapikwa palepale tawini, na hilo ndilo lililokuwa jina lao: chakula halisi, visu na mbao za kukatia, siyo mifuko ya kupasha moto.

Shikeni na hili, tutalirudia: Marekani matawi yote ni ya kampuni yenyewe. Hawakodishi jina kwa wafanyabiashara wengine kama wanavyofanya wengi. Tawi likiharibika, hakuna wa kumtupia lawama.

Sasa 2015. Mwaka ule yalifuatana kama shanga. Agosti, Simi Valley, California, norovirus, kirusi kinachotapisha na kuharisha, iliwapata watu zaidi ya 200. Kipindi hichohicho Minnesota, bakteria ya salmonela iliyotokana na nyanya. Oktoba ikaja bakteria ya E. koli: wagonjwa 55 katika majimbo 11, wengi wao Washington na Oregon, kampuni ikafunga matawi 43 ya eneo hilo. Hakufa mtu, lakini 21 walilazwa. Wachunguzi walifunga faili Februari 2016 bila kujua ni kiungo gani kilicholeta ugonjwa, maana nyanya, vitunguu na giligilani vilevile vilikuwa ndani ya karibu kila sahani.

Halafu Boston. Hili lilikuja kuandikwa wazi na Wizara ya Sheria ya Marekani kwenye kesi. Meneja mwanafunzi alitapika ndani ya mgahawa. Akaambiwa aendelee na kazi. Siku mbili baadaye akasaidia kufunga oda ya timu ya mpira wa kikapu ya chuo cha Boston College. Waliougua kutokana na tawi lile walifika 141.

Norovirus haihitaji nyama iliyooza wala panya jikoni. Chembe chache tu kutoka kwenye mkono wa mgonjwa zinatosha. Ile dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti haiiwezi vizuri. Dawa yake ni maji na sabuni, na mgonjwa abaki nyumbani hadi zipite saa 48 tangu kutapika na kuharisha vikome. Kwa hiyo ukiuliza nini kiliiangusha Chipotle, jibu moja ni vijidudu, na jibu la pili ni kwamba mfanyakazi mmoja alitapika, na aliyemsimamia akawaza kazi kwanza.

Naendelea baadaye, naingia kazini.

#2 Hesabu Kwanza

Mkuu nimeweka kiti. Mimi ni mhasibu hapa Nairobi, naomba namba. Waliumia kiasi gani kabla ya Niccol?

#3 Sufuria Kubwa

Nimerudi.

Hesabu Kwanza, hesabu inayotazamwa kwenye biashara hii ni mauzo ya matawi yaliyokuwepo na mwaka uliotangulia, ili ufunguzi wa matawi mapya usikudanganye. Robo ya mwisho ya 2015 yalishuka asilimia 14.6. Robo ya kwanza ya 2016 yakashuka asilimia 29.7, na kampuni ikaandika hasara ya dola milioni 26.4. Ilikuwa robo yao ya kwanza ya hasara tangu hisa zao ziingie sokoni mwaka 2006. Hisa moja iliyokuwa imepita dola 750 Agosti 2015 ilikuwa inauzwa kwa takriban dola 250 mwanzoni mwa 2018.

Wasilojua wengi ni kwamba kazi ngumu ya usalama ilianza kabla ya Niccol, na Ells hasifiwi kwa hilo. Februari 8, 2016 matawi yote yalifungwa kwa saa kadhaa, wafanyakazi wakaelezwa makosa yao na taratibu mpya. Akaajiriwa James Marsden, msomi wa usalama wa chakula. Nyanya zikahamishiwa majiko ya kati, zinakuja tawini zimeshaoshwa na kukatwa. Vitunguu, ndimu na maparachichi yakaanza kuchovywa sekunde chache kwenye maji yanayochemka kabla ya kisu kupita. Kwa mpishi aliyejenga jina kwa kusema kila kitu kinakatwa hapahapa, hiyo ilikuwa kama kukata mkono wake mwenyewe. Alikubali.

Kosa lilikuwa kwingine. Waliamini wateja watarudi kwa kugawiwa chakula cha bure. Mwaka 2016 kuponi zilimwagwa kama karanga. Watu walikuja, walikula, wakaenda zao. Mtu aliyeogopa chakula chako hamalizi hofu yake kwa kupewa chakula hichohicho bila malipo. Mwaka ukaisha mauzo ya matawi yaleyale yako chini kwa asilimia 20.4.

Na Julai 2017, norovirus tena. Sterling, Virginia. Na tena, utaratibu wa mfanyakazi mgonjwa haukufuatwa. Zaidi ya mwaka wa kuchemsha vitunguu, na tundu lilelile bado wazi. Novemba 2017 Ells akatangaza kuachia uongozi.

#4 Mbavu za Chuma

Sufuria, usitupeleke mbali. Niccol alikuwa mtu wa matangazo Taco Bell, migahawa mingine ya matawi mengi, akaja na matangazo Chipotle, kisha korona ikafungia watu ndani wakaagiza kwa simu. Bahati. Usimpambe.

#5 Sufuria Kubwa

Mbavu, nusu ya unachosema nakikubali. Ni mtu wa masoko kweli, na alimleta Chris Brandt, mwenzake wa zamani wa Taco Bell. Alihamisha hata makao makuu, Denver hadi Newport Beach, California, na wengi hawakuhama nayo. Hilo liliwaumiza watu, na sitalipamba.

Lakini tazama tarehe. Robo ya mwisho ya 2018 mauzo ya matawi yaleyale yalishapanda asilimia 6.1. Mwaka 2019 mzima, asilimia 11.1. Korona ilikuwa haijafika huku.

Alichokifanya kwa macho ya mtu wa jikoni ni hiki. Kila tawi lilikuwa na kaunta ya mbele ambapo foleni inatembea, na nyuma kulikuwa na meza ya pili ya kuandalia. Meza ile ilikuwepo tangu kabla yake, kwa oda za simu na za sherehe, ikitumika kwa kubahatisha. Niccol hakujenga mgahawa mpya. Aliikuta meza imelala akaiamsha. Zikawekwa skrini zinazomwonyesha mpakuaji hatua kwa hatua: wali huu, kijiko cha maharage, nyama hii, funika. Zikawekwa rafu karibu na mlango, mteja anachukua mfuko wake na kuondoka. Halafu yakaja madirisha ya magari ya kuchukulia oda zilizokwisha kulipiwa kwenye simu, yale wanayoyaita Chipotlane. Machi 2019 ukaja mpango wa pointi kwa wateja wa kudumu.

Kwa nini hilo ni kubwa? Nimesimama kwenye kaunta ya namna ile saa sita na nusu mchana. Foleni imefika mlangoni, na katikati yake oda ya mtandaoni inadondoka. Anayepakua anamwacha mteja aliye mbele yake, anageuka. Aliye mbele ananuna. Wa nyuma wanahesabu watu, wanaondoka. Ukitenganisha meza mbili, mkono wa huyu haugusi kazi ya yule. Mwaka 2020 korona ilipoingia, oda za kidijitali zilifika asilimia 46 ya mauzo yao. Bahati ilikuja, naam, ikakuta meza imeshatandikwa.

Vyakula vipya pia alivibana. Mwaka 2017, kabla yake, walitoa mchuzi wa jibini nchi nzima na watu wakaulalamikia hadharani. Chini yake kitu kinajaribiwa jikoni, kisha mji mmoja mmoja, ndipo kitoke. Nyama ya ng'ombe ya kuchoma iitwayo carne asada ilipitia njia hiyo, ikatoka Septemba 2019 na kupokelewa vizuri. Na alifunga matawi yaliyokuwa yanavuja pesa. Hapo sina la kuongeza, kila bosi mpya hufanya hivyo.

#6 Mama Kaunta

Hamjambo wanangu. Nina kibanda cha chakula Morogoro, wali, maharage, mchicha, nyama na samaki, mwaka wa kumi na nne. Mwanangu Sufuria, umetaja norovirus na E. koli, nimeelewa. Lakini mimi ninachokiogopa ni maharage. Nikipika saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana yapo palepale kwenye sufuria. Hayo makampuni makubwa yanayafanyaje?

#7 Sufuria Kubwa

Shikamoo mama. Swali lako limegusa hapahapa ninapoishi.

Powell ni kitongoji cha Columbus, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu. Mwisho wa Julai 2018, miezi mitano tu tangu Niccol akae kitini, watu walianza kupiga simu idara ya afya: kuhara, tumbo kusokota. Hesabu ya mwisho ilifika kama watu 647. Tawi moja tu, mama. Alikuwa bakteria aitwaye Clostridium perfringens, na huyo hatoki kwenye mkono wa mgonjwa. Anakaa kwenye nyama na maharage. Ukipika, mbegu zake zinanusurika moto. Ukiacha chakula kiwe vuguvugu, zinaamka na kuzaana. Wakaguzi walikuta maharage hayana moto wa kutosha na saladi haina ubaridi wa kutosha.

Kanuni ya huku ni kwamba chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57 za Selsiasi, na cha baridi kisipande juu ya 5. Katikati ya hapo ndipo hatari ilipo. Siyo suala la kuonja kwamba bado kina moto. Ulimi unadanganya. Kuna kipimajoto cha kuchomeka, kinachomekwa katikati ya chungu, na namba inaandikwa kwenye karatasi kila baada ya muda. Kwa kibanda chako, mama, ningesema pika sufuria mbili ndogo badala ya moja kubwa, ya pili iingie motoni ya kwanza ikikaribia kuisha, na makaa yabaki chini muda wote. Yaliyobaki jioni yamwage kwenye vyombo vipana yapoe haraka, usiyaache kwenye sufuria refu hadi asubuhi.

Baada ya Powell, Niccol aliagiza wafanyakazi wa nchi nzima wafundishwe upya usalama wa chakula na kupewa majaribio. Angeweza kusema ni tawi moja kati ya zaidi ya 2,400. Kwa sababu matawi yote yalikuwa yao, agizo lilishuka moja kwa moja na hakuna mwenye leseni wa kubishana naye. Na kesi nzima, tangu Simi Valley hadi Powell, ilimalizika Aprili 2020 kwa faini ya dola milioni 25, kubwa kuliko zote zilizowahi kutozwa kwenye kesi ya usalama wa chakula Marekani hadi wakati huo.

#8 Zamu ya Usiku

Niko Ghuba, kazi hizihizi za jikoni. Nyongeza ndogo kaka: Kuwait walifungua 2024, ila huku wanashirikiana na kundi la biashara la Alshaya, siyo wao wenyewe. Kwa hiyo hilo ulilosema la kumiliki kila kitu linabadilika huku Ghuba. Halafu naomba urudi kwa yule wa Boston. Umemtaja ukamwacha.

#9 Sufuria Kubwa

Asante ndugu, ni kweli kabisa kuhusu Ghuba. Na sijamwacha, nilikuwa naogopa kufika.

Mwaka wangu wa pili kama msimamizi wa zamu, mgahawa ambao sitautaja, kulikuwa na theluji ya kufunga barabara. Watu wawili hawakufika. Tulibaki watatu. Dada mmoja wa Bukavu, tulikuwa tunaelewana kwa Kiswahili chetu cha kukutana njiani, alinijia akiwa ameshika tumbo. Akasema, "Kaka, nimetapika mara mbili chooni." Nilitazama skrini, oda kumi na moja. Nikamwambia avumilie hadi saa nane, nitamtafutia mtu. Nikamhamishia kwenye vyombo nikidhani nimetenda wema. Saa nane ikapita, mtu hakupatikana, alimaliza zamu.

Sijui kama kuna mteja aliyeugua. Ninachojua ni kwamba kwa miezi iliyofuata hakuniambia tena anaumwa, na sidhani kama aliacha kuumwa.

Ndiyo maana nikisoma habari za ufufuaji wa Chipotle, macho yangu hayaendi kwenye hisa. Yanatafuta: je, yule mtu wa mwisho kwenye laini aliweza kusema "naumwa" bila kupoteza siku? Likizo ya ugonjwa yenye malipo walishaitangaza 2015, kabla ya balaa kubwa, na bado Boston ikatokea. Karatasi ilikuwepo. Ujasiri wa meneja wa kufunga laini moja mchana haukuwepo, nadhani kwa sababu meneja alipimwa kwa mauzo.

Chini ya Niccol kuna mambo naamini yalisaidia. 2019 wafanyakazi wa kawaida wa laini waliingizwa kwenye bonasi ya kila robo mwaka tawi likifikia malengo, siyo mameneja peke yao, na mwaka uleule wakaanza kulipiwa ada za baadhi ya shahada. Mtu mwenye sababu ya kubaki hufundishika. Jikoni inayobadilisha watu kila miezi mitatu haina anayekumbuka kipimajoto kinakaa wapi.

Lakini sitasema alilimaliza. Agosti 2022 Chipotle ilikubali kulipa takriban dola milioni 20 mjini New York, kwa wafanyakazi karibu 13,000, kwa kukiuka sheria za kupanga zamu na za likizo ya ugonjwa. Likizo ya ugonjwa, wakuu. Karibu miaka saba baada ya Boston. Mauzo ya mwaka ule yalikuwa dola bilioni 8.6.

#10 Hesabu Kwanza

Hili la New York sikuwahi kulisikia, na habari za Niccol nimezifuatilia sana. Sasa alipoondoka?

#11 Sufuria Kubwa

Kwa namba, alifanikiwa bila ubishi. Dola bilioni 4.5 za mauzo mwaka 2017 zilikuwa bilioni 9.9 mwaka 2023. Hisa ilipanda hadi Juni 2024 wakaigawa, moja ikawa hamsini. Agosti ilipotangazwa anahamia Starbucks, kampuni ya migahawa ya kahawa, hisa ya Chipotle ilishuka siku ileile na ya Starbucks ikaruka zaidi ya asilimia 20. Kiti kikaenda kwa Scott Boatwright, msimamizi wa uendeshaji tangu 2017, mtu wa matawi. Uteuzi ule mimi niliufurahia.

Miezi ya mwisho ya Niccol wateja walikuwa wanarekodi video wakidai mabakuli yamepungua. Kwanza alikanusha. Julai 2024 akakiri kwamba kama asilimia 10 ya matawi au zaidi yalihitaji kufundishwa upya kupakua. Kwangu hiyo nayo ni habari ya kijiko na mkono unaokishika. Bosi anaweza kuwa California na skrini zake zote. Kijiko kiko Columbus kwa mtoto wa miaka kumi na tisa.

#12 Mama Kaunta

Mwanangu, hiyo ya dada wa Bukavu imenikaa. Mimi nina vijana watatu, na siku asiyekuja simlipi. Sijawahi kuliona hivyo. Niambie, huko asubuhi mnawauliza nini kabla hawajagusa chakula?

#13 Sufuria Kubwa

Mama, ni maswali matano, anaulizwa kila mtu, hata meneja. Umetapika tangu jana? Umeharisha? Macho yako yamekuwa ya njano? Koo linauma pamoja na homa? Una kidonda au jipu mkononi lenye usaha? Akisema ndiyo hata kwa moja, hagusi chakula siku hiyo. Mwenye kidonda unaweza kumfunga na kumpa glavu ukampa kazi ya mbali na chakula. Aliyetapika au kuharisha anarudi nyumbani, siku mbili kamili baada ya kukoma.

Na swali ulize kwa faragha, mmoja mmoja. Mbele ya wenzake kijana atasema hana kitu.

#14 Mama Kaunta

Nimeyaandika na kuyabandika pembeni ya ndoo ya kunawia. Nimewaambia siku ya kuumwa nitatoa nusu ya posho, zaidi ya hapo mfuko wangu hauwezi kwa sasa. Yule wa kukuna nazi amenyoosha mkono hapohapo, akanionyesha kidole kilichovimba tangu Jumatatu.

#15 Sufuria Kubwa

Mpe pole yake, mama. Na kile kidole kioneshwe zahanati leo, kisingoje kesho.